Majibu Niliyonakili

Kakuma, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Ejok! Kifua chako kimepoa? Na nyanya, bado anakataa dawa? Mimi mwili ni mzima na chakula nakula. Ni moyo tu hautulii, na wewe unanijua nikinyamaza.

Hapa tunafundishwa kujaribu programu za kompyuta kabla watu hawajaanza kuzitumia. Ya sasa ni ya kliniki: inatuma ujumbe kwa akina mama ambao watoto wao wanatakiwa kuchanjwa. Kwanza sisi tunaandika jibu sahihi, halafu mashine inalilinganisha na jibu la programu. Yakifanana, kijani. Yakitofautiana, nyekundu. Mimi nilikuwa nimebaki nyuma, nikaona haya kuuliza. Nikaacha programu ijibu yenyewe, nikanakili majibu yake, nikayaita sahihi. Kila kitu kikawa kijani, wakanipigia makofi. Ni kama mtoto kujisahihishia mtihani.

Wiki hii kliniki moja ikaanza kuitumia. Alhamisi tulikuwa hapo, akaja mama na mtoto mgongoni.

"Jirani yangu ameitwa, mimi simu imenyamaza. Huyu wangu si mtu?"

"Mashine haijamwita," nesi akamjibu.

Nikauliza jina la mtoto na siku ya kuzaliwa. Akiru Lokwang, tarehe moja Januari. Mama, nikatazama orodha. Wa jirani naye ni Akiru Lokwang, tarehe moja Januari! Unajua mwenyewe: aliyezaliwa na mvua anaitwa Akiru, kama mimi, na karani akikosa siku anaandika tarehe moja Januari, kama alivyoniandika mimi. Programu ilidhani ni mtu mmoja amejirudia, ikafuta mmoja. Na mimi nilikuwa nimeandika kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Tangu hapo kuna mtoto asiye na uso ananifuata. Naosha vyombo, yuko. Nasali, yuko.

Ijumaa mwalimu akatangaza kwamba Jumatatu programu inaenda kliniki zote. Nikainua mkono, nikasema.

"Akiru, toa sauti, hata mbuzi hawakusikii!" mwalimu akasema. Darasa likacheka.

"Majibu niliyanakili."

"Yapi?"

"Yote."

Hakuna aliyecheka tena. Nyibol, rafiki yangu wa Sudan Kusini, akanishika mkono chini ya meza. Mwalimu hakunifokea, heri angefoka. Alisema programu haiendi popote, akanipa karatasi tupu. "Fikiri mwenyewe kwanza, ndipo uiulize mashine."

Nikaandika: watoto wawili. Programu ikasema mmoja. Nyekundu. Nikalia, nikamshukuru Mungu kwamba kosa limeonekana.

Nisalimie nyanya, kaka na pikipiki yake ya abiria huko Kalokol, na shangazi anayeuza samaki. Mwambie sijasahau kazi yake ya kukausha.

Yule mtoto ameshachanjwa, Mama. Lakini mama yake alikuja kuuliza. Wasiokuja kuuliza ndio wananinyima usingizi. Kesho mimi na nesi tunaanza kuwatafuta, boma kwa boma. Utuombee tuwakute.

Binti yako,
Akiru