Foto ya Ndoa Nisimoonekana

Houda,

Maharagi iko kwa jiko. Ongeza maji, isiungue kama ya juzi.

Watu wa viza walinipigia simu asubuhi. Eti kwa foto ya ndoa hawanioni, kuna wanaume tu. Sasa wangenionaje? Papa yako ameshikana mukono na babu yako, ndoa inafungwa, mi niko chumbani na wanawake, kama desturi yetu. Miaka thelathini ya ndoa, leo natafuta mushahidi! Nimeenda Gasenyi kwa shehe aliyetuozesha, aniandikie karatasi.

Papa yako akipiga kutoka Ubelgiji, ~~umwambie nimechoka, arudi tuzeekee hapa~~ umwambie nakuja. Na kile kiti cha pili alichonunua, tuote jua wote akistaafu, asikifanye pa kutupia nguo.

Mama yako