Jenereta ya Gordon imepelekwa matanga

Kezia, ndugu yangu Gordon amekataa kula. Amekataa kabisa.

Leo ndio yalikuwa yale mashindano yake ya gemu hapa Homa Bay. Ukumbi amelipia, skrini zimetoka Migori, wachezaji wamevuka na boti kutoka Mfangano. Stima ikapotea, skrini zikazima, kabla ya mechi ya kwanza.

Akampigia mwenye jenereta aliyokuwa amekodi. Jamaa akasema, "Nimeipeleka matanga. Hao wamelipa mara mbili." Matanga, Kezia. Na pesa ya Gordon ameshakula.

Vijana wa Mfangano wakadai nauli ya kurudi. Gordon akauza mashine yake ya gemu hapo mlangoni, wote wakimwangalia.

Mama anamwambia ashukuru Mungu, kwetu hakuna aliyekufa. Gordon akamjibu polepole, "Mama, kwa waliofiwa kuna stima."