Ndoo ya Jumatano

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na wanangu hawajambo? Mimi ni mzima, masomo yanakwenda, na sweta uliyonitumia imenikaa vizuri.

Unanijua nilivyo mtu wa kushuku. Mwezi mzima nimemshuku mwenzangu wa chumbani, yule tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Kila Jumatano mchana anabeba ndoo ya nguo, anaaga kwamba anakwenda kufua, na baada ya saa moja anarudi na nguo zilezile, kavu na chafu. Nikimuuliza, anasema maji yamekatika. Na mpenzi wangu, yule fundi simu, naye siku hiyohiyo hapokei simu. Nikaona hapa naibiwa mchana kweupe.

Jumatano iliyopita nilimfuata mpaka chumba cha kufulia, nikatega sikio mlangoni. Nikamsikia akisema kwa sauti kwamba leo hataki, na kwamba bila kinga hakuna kitu. Nikasukuma mlango, tayari kwa ugomvi. Mwanamume hakuwemo. Walikuwemo wasichana sita wa darasa letu na muuguzi wa chuo, kila mmoja amekumbatia ndoo yake, wanafanya mazoezi ya kukataa. Muuguzi akanieleza kwamba wengi wanaomjia walijua wanachotaka, ila hawakuwahi kukitamka. Akaniambia nijaribu. Mimi na mdomo wangu wote huu, sauti haikutoka. Redio akanishika mkono, nikaona aibu kwa yote niliyomfikiria.

Jumamosi nikaenda kwa fundi simu. Jumatano, kumbe, hufuata vipuri, ndivyo anavyosema. Nikamwambia kwamba bila kinga sitakubali tena, na kwamba twende tukapime wote wawili. Akaniuliza ni bwana gani mwingine anayenifundisha maneno hayo, akasema mwanamke wa masharti hamfai. Nikachukua mkoba wangu. Hajapiga simu mpaka leo, na bado nampenda, sikufichi.

Sasa lililonifanya niandike. Muuguzi alituuliza kila mmoja alijifunzia wapi kunyamaza. Nilisema sijui. Nilidanganya. Likizo iliyopita nilipokuwa kwenu, Jumapili ile mchana aliporudi shemeji kutoka safari, nilikuwa chumba cha pili nakunja nguo za watoto. Nilikusikia ukimwambia mgongo unakuuma, huwezi. Ukarudia. Kisha ukanyamaza. Jioni ulitupakulia chakula huku unacheka, nami nikacheka nawe, na sikukuuliza neno. Nisamehe, dada.

Barua hii nimempa mshonaji jirani yenu akukabidhi mkononi, maana najua shemeji hufungua bahasha zako kabla yako. Usinijibu kwa simu, nayo huikagua. Njoo Jumatano. Mwambie nimelemewa na nguo, unakuja kunisaidia kufua. Beba ndoo.

Nibusie wanangu, na mwambie yule mdogo sweta yake naifuma. Shemeji, safari hii, sina salamu zake.

Mdogo wako,
niliyekuwa chumba cha pili