Marobota Matatu ya Vitenge

Kariakoo, Jumatatu

Mwanangu Hillary,

Wengi hukosea wakidhani roho hupotea kwa kwenda mbali. Wengi hupotea mlangoni, wakiwa wameshatoka, kwa kurudi kuchukua kitu kimoja.

Marahaba, shikamoo yako imefika. Mama yako mkubwa Severa anasumbuliwa na magoti, na bomba letu halijatoa maji tangu Ijumaa.

Umeandika kwamba utamwacha huyo mwanamke urudi kwa mkeo Jacqueline, na kwa Mungu, ukishauza mzigo wa Krismasi mlioununua pamoja. Basi nikueleze nilichokuficha. Siku duka letu lilipoungua, baba yako alikuwa ameshatoka. Alisimama nami barabarani, anakohoa na kucheka: "Kaka, leo tumeponea chupuchupu!" Ni mimi niliyemuuliza, "Na yale marobota matatu ya vitenge vya Krismasi?"

Akasema, "Dakika moja tu, mzee, usinililie hapa." Akaingia tena.

Watu husema mdogo wangu alikufa kwa kupenda mali, nawe umekua ukiamini hivyo. Nimewaacha waseme miaka tisa. Kwa padri niliungama zamani. Kwako naungama leo.

Wokovu, mwanangu, ni kutoka ndani ya nyumba inayoungua. Anayetuita yuko nje, na yeye, tofauti na mimi, haulizi tumeacha nini ndani. Ukirudi ndani hata kwa dakika moja, huna hakika ya kutoka.

Usingoje Krismasi. Mpigie Jacqueline leo.

Baba yako mkubwa,
Wilbert