Namba Niliyoikuza Ikawatoa Mafundi Kazini

Mpendwa Mama Odile,

Nisaidie, maana padri nimeshindwa kumwambia na mke wangu Mwadi nimemficha, mimi ni mpimaji katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni moja hapa Kolwezi, hesabu za mitihani ndizo zinazonilisha, na mwaka jana, mashine zikisimama moja baada ya nyingine na watu wa asili ya Kasai wakianza kufukuzwa, mkubwa wangu aliniamuru niwape mafundi wote mtihani wa karatasi, atakayekosa pointi hamsini aondoke, tena akataka hesabu ya kuonyesha kwamba mtihani huo unamjua fundi.

Nikalinganisha pointi za mtihani na maksi ambazo makapita, wale wasimamizi wa kazi, huwapa watu wao kila mwaka, nikapata 0,30, kitu kidogo sana Mama, maana moja kamili ndiyo kulingana kabisa, na sababu naijua, kapita wa kwetu hataki kumharibia mtu chakula chake, humwandikia kila mmoja "bon", yaani vizuri, na kupita, ndiyo maana makapita wawili wakipima watu walewale maksi zao zinategemeka kwa 0,50 tu, na mtihani wenyewe nilipoukata mara mbili, swali la kwanza, la tatu, la tano upande huu, la pili, la nne, la sita upande ule, nusu hizo hazikupatana, hata nilipokwisha kurekebisha hesabu, kwa kuwa nusu ni fupi kuliko mtihani mzima, nilifika 0,50 hiyohiyo. Sasa ipo fomula ya kusahihisha, inayokuambia uhusiano ungekuwaje kama vipimo vyote viwili visingekuwa na makosa hata kidogo, nikaifuata, nikagawanya 0,30 kwa 0,50, ikawa 0,60. Mkubwa alifurahi. Akasema, "Andika ile namba ya mukubwa tu, 0,60, ile ingine itachanganya bantu," nami nikaandika.

Jirani yangu Ngeleka, fundi wa asili ya Kasai, alipata 47. Amekereza vyuma miaka ishirini na miwili, na siku ya mtihani mishahara ilikuwa haijatoka kwa miezi, watu waliketi pale bila kula, wakajibu maswali ya Kifaransa cha shule, na mimi nilijua kwamba kwenye mtihani huo pointi za mtu hupanda au kushuka nane, hata tisa, bila yeye mwenyewe kubadilika, nikanyamaza. Sasa ana wiki ya tatu kwenye kituo cha treni, yeye, mkewe Tshibola na watoto wanne, chini ya turubai, wakingoja gari la moshi la kwenda Kasai ambako hakuzaliwa. Juzi niliwapelekea unga, nikamsikia anamwambia mkewe, "Pengine ni kweli, mama. Pengine mi sijue kazi, balikuwa bananivumilia tu." Nikaweka unga chini, nikaondoka bila kuwasalimia. Nikisema ukweli nitafukuzwa na nitaitwa mtu wa Wakasai, nikinyamaza Ngeleka ataondoka akiamini hajui kazi, nifanye nini Mama?

Mpimaji, Kolwezi


Tata Mpimaji,

Pole. Sasa nisikilize. Fomula yako nilimpelekea mwalimu wa hesabu, akanieleza kwa robo saa. Kugawanya hukukosea. Ulikosea kuchukua namba ya dunia isiyo na makosa ukampa mkubwa apimie watu wenye njaa. Hiyo 0,60 ni ya kujadili daftarini. Kwa kumchagua mtu mmoja abaki na mwingine aende, ulikuwa na 0,30 na mtihani usiotegemeka, na ulijua. Usijifiche nyuma ya mkubwa, kalamu uliishika wewe.

Wala usijipe ukubwa. Ngeleka angepata tisini wangemtoa vilevile, maana walikwisha kuamua. Walitafuta karatasi ya kuwaondolea aibu, wakaipata kwako. Kwa hiyo sikudanganyi kwamba ukiungama watarudi. Hawatarudi, nyumba zao zimekwisha kupata watu. Na kazi utaipoteza. Barua kama yako ninazo nyingi mezani mwaka huu, na nimechoka kuwafariji watu waliokaa kimya.

Mwambie Mwadi kwanza, leo, kwa sababu njaa itakayokuja ni yake pia. Kisha andika karatasi yenye namba zote, ile 0,30, zile 0,50 mbili, na zile pointi nane, hata tisa, za kupanda na kushuka. Weka sahihi kwa jina lako lote. Nakala moja iache parokiani, na kila fundi aliyetolewa na mtihani ule umpe yake, aende nayo atakakoomba kazi. Inaweza isimsaidie. Mpe tu.

Halafu nenda kituoni kabla treni haijafika, na safari hii usipeleke unga. Keti chini pale turubaini umwambie Ngeleka kwamba karatasi yako haikuweza kumjua fundi, na kwamba ulijua hivyo tangu siku ya kwanza. Akikupiga, usikwepe. Sema kwa sauti, Tshibola asikie, na wale watoto wanne wasikie, kwamba baba yao anajua kazi.