Sura ya Tatu Inalipuka

Jumatano, 9 Julai. Visiga
Nimefundisha vipindi vinne leo, sauti imekwisha. Jioni tasnifu yangu ya udaktari, kusahihisha nukta na mikato tu. Utetezi ni wiki ijayo. Mama kule Kisarawe ameshaalika watu Jumapili, dua ya shukrani. Nilimwambia asubiri nipite kwanza. Nani anamwambia mama yangu asubiri!

Alhamisi, 10 Julai
Nimeona kosa. Ya Rabi. Sura ya tatu, ukurasa wa 61.
Kazi yangu yote ni kujenga hali ya uga wa kwantumu, kitu kisichoonekana kinachotikisika kwa mawimbi kila mahali, katika ulimwengu unaotanuka; hali inayoingia akilini, nishati yake isipande bila kikomo. Nilichukua kipande cha muda, nikakikata ghafla kama mkate, nikaijenga humo. Pale kwenye mkato, mawimbi mafupi yanapandisha nishati bila mwisho. Nilidhani nimethibitisha haipandi. Nimethibitisha upuuzi.
Msimamizi wangu hakuliona. Najua mimi tu.

Ijumaa, 11 Julai
Nimejaribu kulainisha kingo: kipande kianze polepole, kiishe polepole. Nishati inaelekea kutulia. Lakini kuthibitisha ni kazi ya miezi. Nikinyamaza, wiki ijayo naitwa daktari. Leo nimeliwaza hilo mara tatu. Najichukia.

Jumapili, 13 Julai. Kisarawe
Turubai, udi, masufuria mawili ya pilau. Kila mtu "Daktari, Daktari." Mama mdogo kanipa kanga mpya. Nikaikunja, nikaiweka pembeni.
Kabla shehe hajaanza, nikamvuta Mama uani. Nikamwambia kazi ina kosa, sijapita chochote. Akauliza nani kaliona. Mimi tu, Mama. Kisha akaenda mbele ya watu wote, akamwambia shehe dua ibadilike: "Si ya shukrani, ni ya kumwombea binti yangu, kazi yake bado."
Jamani, aibu! Nilitamani kukimbia. Na yeye aibu ilimshika. Hakuondoka mtu. Waliitikia amina, wakala, wakaniaga kwa jina langu.

Jumatatu, 14 Julai. Visiga
Asubuhi nimemwandikia msimamizi. Ukurasa, mstari, kosa. Nimeomba utetezi uahirishwe. Amejibu mchana: sawa, njoo tuanze upya.
Nimefungua faili jipya. Nina mistari sita.
Mama kapiga kuuliza kama nimelipeleka kosa mwenyewe. Nikasema ndiyo, Mama. Akasema haya, akakata simu.