Vitabu vya Uongozi Nilivyopeleka Buna

Dada Zawadi,

Nakusalimu kutoka Wajir, nikiwa njiani kurudi, na jua la huku halina huruma. Jana nilipeleka Buna vitabu vya uongozi wa shule. Mwalimu mkuu, Bi Halima, alinipa chai ya maziwa ya ngamia, akafungua sura ya kuwatia walimu moyo, akacheka kwa uchungu.

"Walimu gani, ndugu yangu? Wallahi, wote watatu walihama kwa hofu. Nimebaki peke yangu na madarasa sita. Wewe si mwalimu? Kaa nasi muhula mmoja tu."

Nikajibu kwamba ofisi inaningoja. Alinishukuru kwa vitabu, akarudi darasani.

Sijawahi kuona aibu namna hii, dada. Nibusie watoto, lakini wasijue kwamba nilikataa.

Nduguyo, Juma